Tulivyoligeuza gari bovu la baba mdogo kuwa ndege ya kivita kwenye mashindano ya ngoma Mwamapalala

Wakuu, mwangaluka wote. Na mnaosoma mchana, mwadila.

Huwa sina kawaida ya kuandika humu, nasoma tu na kucheka pembeni. Ila jana nimekuta watu wanabishana mpaka wanatukaniana wazazi. Mmoja anasema ndege fulani ya kivita ya wakubwa wa dunia ni sawa na yale magari ya kifahari ya Ulaya, ukinunua moja umemnunua na fundi umlishe. Mwingine anajibu afadhali hiyo ndege, gari lake yeye likinyeshewa linagoma mpaka libembelezwe.

Nimecheka hadi mume wangu akatoka chumbani kuuliza kuna nini.

Nyie mnafananisha kwa mdomo. Sisi Wasukuma wa Bariadi tulishafananisha kwa mabati na misumari, zamani sana, na rubani nilikuwa mimi hapa.

Ninachoandika kilitokea. Mama yangu yupo hai pale Zagayu, mabati ya jiko lake yalihusika na hajasamehe mpaka leo. Nikiongeza chumvi hata punje, yeye ndiye atakuwa wa kwanza kunikana. Aina ya gari siitaji, na ndege siitaji, sina hela ya wakili.

Turudi miaka ya tisini. Ruksa ya biashara huria imeshika kasi. Bariadi bado tuko mkoa wa Shinyanga, hiyo Simiyu mnayoijua leo haijazaliwa.

Mliozaliwa juzi hamtaelewa. Tulikuwa tumetoka kwenye kupanga foleni ya sabuni, mara ghafla kila kitu kinaingia. Mitumba, redio za kaseti, miwani ya jua, viatu vya plastiki vya rangi zote. Pamba tuliyozoea kuipeleka ushirika, sasa anakuja mnunuzi binafsi na mizani yake na tabasamu lake.

Na magari. Magari yaliyochokwa huko yalikotoka yakaanza kuja kuchokwa na sisi.

Baba yangu mdogo, Maduhu, alikuwa ametoka jeshini. Alikaa miaka kwenye kambi yenye ndege za kivita, akarudi na buti, koti moja zito, na maneno. Wakuu, maneno! Kila kitu kwake kilikuwa ndege. Ng'ombe akigoma kuvuta plau, anakwambia hata ndege ya kivita hugoma. Ugali ukishika chini, anakwambia kuna ndege ilikuwa inaungua hivyo hivyo, upande mmoja tu.

Akauza ng'ombe, akaenda Mwanza, akarudi na gari.

Hilo neno "akarudi na gari" mlielewe vizuri. Yeye alirudi Jumanne kwa basi. Gari lilirudi Ijumaa, limefungwa kamba nyuma ya trekta ya watu.

Lilikuwa gari dogo, saluni, rangi ya maziwa yaliyochacha. Chini upande wa dereva bati lilikuwa limeoza, ukikaa unaona barabara inavyopita. Gia ilikuwa imekwama kwenye namba mbili, haitoki hairudi. Breki zilikuwepo ila ilibidi uziombe mapema.

Mama ndiye aliyeanza kucheka. Baba mdogo hata hakukasirika. Akakunja mikono nyuma kama mkufunzi.

"Shemeji, usicheke. Ndege ya kivita ikiruka saa moja, mafundi wanaihangaikia wiki nzima. Hii ina nafuu, inahangaikiwa siku tano tu."

Basi ikawa ndiyo wimbo wake. Lilivuja oili uani mpaka kuku wakawa na miguu myeusi, akasema ndege ya kivita isipovuja ujue tangi limekauka. Halikuwa na taa hata moja, akasema hiyo ni makusudi, adui asilione. Bibi akamuuliza, "Adui gani huyo anayekuja Zagayu?" Akasema adui hatabiriki.

Mvua ikinyesha ndiyo usiseme. Haliwaki kabisa. Akatwambia kuna ndege ya bei mbaya kuliko zote duniani, nayo ikinyeshewa inaumwa, inafungiwa ndani kama kifaranga. Akalijengea gari banda zuri la nyasi mpya. Yeye mwenyewe nyumba yake inavuja.

Kisa cha kiti sasa. Kiti cha abiria kilikuwa kimekatika chuma chake cha kukishikilia, na mlango wa upande huo ulifunguka wenyewe kwenye kona. Siku moja kampa lifti katekista wetu kwenda Mwamapalala. Kwenye kona ya kwanza mlango ukafunguka, katekista akatoka na kiti chake, akatua kwenye mtama, amekaa vile vile, Biblia mapajani.

Kijiji kizima kikaenda kumpa pole. Baba mdogo naye kaenda, tena anang'aa uso.

"Ndege zote kubwa zina kiti cha kumrusha rubani ikitokea hatari," akasema. "Huyu ametoka salama. Maana yake mtambo unafanya kazi."

Nichepuke kidogo. Miaka mingi baadaye tulikuja kugundua kwamba kule kambini baba mdogo alikuwa mpishi. Ndege alikuwa anaziona akipeleka chai kwa mafundi. Lakini wakati huo hakuna aliyejua, tulimwamini kama tulivyoamini redio.

Sasa habari yenyewe.

Baba yangu mzazi, Jilala, alikuwa manju. Kwa wasiojua, manju ndiye mtunzi na kiongozi wa ngoma. Kwetu baada ya mavuno watu wanashindana ngoma, Wagika upande huu, Wagalu upande ule. Zinapigwa ngoma mbili kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, kati yake hatua kama mia hivi. Hakuna jaji wa kuinua kibao cha alama. Mshindi ni mwenye watu wengi. Mwamuzi akipuliza filimbi, kila mtu anasimama pale pale alipo, wazee wanaangalia umati uko kwa nani. Kwisha. Filimbi ikishalia imelia, hakuna cha kurudia.

Kwa hiyo mamanju wanatafuta vituko vya kuvuta watu. Mmoja anacheza na chatu, mwingine analeta fisi kafungwa kamba, mwingine anakula moto. Na dawa za mvuto juu yake, hayo msiniulize, mimi ni mtu wa kanisa.

Baba alikuwa Mgika. Mpinzani wake alikuwa Gamaya, manju wa Wagalu, jamaa mrefu, mchangamfu, sauti ya kawaida tu lakini akili ya biashara.

Mwaka mmoja kabla ya hiki kisa, Gamaya alileta friji. Ndiyo, friji. La mafuta ya taa. Sijui kalitoa wapi. Akaliweka katikati ya duara la ngoma yake, akalifungua, akaanza kugawa barafu. Agosti ile, vumbi na jua la Mwamapalala, watu hawajawahi kushika barafu maishani mwao! Walikimbia, wakuu. Waliondoka katikati ya wimbo wa baba, ubeti wa pili haujaisha. Wengine walikuwa wanaitikia huku wanakimbia.

Filimbi ilipolia baba alikuwa na watu kumi na mmoja. Ndugu zake tisa, kipofu mmoja, na mlevi aliyelala.

Na ilikuwa mara ya pili mfululizo kushindwa na Gamaya.

Baba alisimama pale akainua mkono, akaapa mbele ya wazee wote. "Mwaka ujao nikiachwa tena peke yangu, ngoma naikabidhi. Siongozi tena mpaka naingia kaburini."

Mngemjua baba mngeelewa uzito wake. Huyu mtu alikuwa analima anatunga, anachunga anatunga. Mama alikuwa anasema aliolewa na nyimbo, mwanaume alikuja kama nyongeza. Baada ya kile kiapo alinyamaza. Miezi. Shambani kimya, mezani kimya. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mchezaji kwenye ngoma yake, na niliumia kumwona vile. Niliumia na kukasirika. Yaani mtu mzima ashindwe na barafu!

Siku moja, mwezi wa saba, tunalisukuma gari la baba mdogo kulitoa kwenye tope la lambo lilikozimikia. Tuko wachezaji kumi na wawili, tunasukuma tunaimba. Baba kasimama pembeni na fimbo yake anatazama. Na watu wametoka majumbani kutazama pia, wameacha kazi zao. Wanawake na ndoo kichwani wamesimama. Lori la pamba limesimama!

Baba akahesabu watu kwa macho. Nilimwona.

Halafu akasema, polepole, maneno ya kwanza marefu tangu mwaka jana. "Maduhu. Kila siku unatwambia hii ni ndege. Basi ivae mabawa."

Baba mdogo alitaka kulia kwa furaha.

Kazi ikaanza kesho yake asubuhi. Mabawa yalihitaji mabati, na mabati ya karibu yalikuwa juu ya jiko la mama. Mama akasimama mlangoni na mwiko.

"Jilala, nimepikia chini ya nyasi miaka ishirini na tano, haya mabati hata hayajashika moshi!"

Baba akamwambia, "Minza, nikishinda nakuezekea nyumba nzima." Mama akamtazama muda mrefu. Nadhani alichoona ni kwamba mume wake anaongea tena. Akaweka mwiko chini, akaondoka kwenda kwa jirani ili asione.

Mkia tulitengeneza kwa ule mlango wa katekista. Chini ya mabawa tukaning'iniza zile bomba za kupulizia dawa ya pamba, tatu kila upande, ndiyo makombora. Tukaziosha na maji ya majivu mara tatu, na bado zilinuka. Kwa mbele baba mdogo akachora macho mekundu na meno, akasema ndege zote za maana zina meno.

Rubani ikabidi awe mtu mwepesi kwa sababu ya lile bati lililooza. Macho yote yakageukia kwangu.

Nikauliza, "Na mimi najua kuendesha?"

Baba mdogo akasema, "Huendeshi. Injini imekufa tangu mwezi wa tano. Wewe unashika usukani tu, wanasukuma wenzio. Ila hii gia ya pili imekwama, kwa hiyo ukanyage klachi muda wote, ukiiachia gari litakuwa zito. Ukisikia nasema honi, piga honi. Honi inataka ufunguo uwe umewashwa, basi."

Mnaoendesha magari mmeshaelewa tatizo liko wapi. Nyamazeni kwanza. Sisi hatukuelewa, na mtaalamu wetu alikuwa mpishi.

Tena akaongeza petroli kwenye tangi, lita kama tatu. Nikamuuliza ya nini kama injini imekufa. Akasema ndege haiwezi kwenda vitani na tangi tupu, ni aibu.

Siku ikafika. Uwanja wa Mwamapalala umejaa, watu wametoka Zagayu, Bariadi mjini, wengine na baiskeli hadi kutoka Mwanhuzi. Upande wa baba uko juu, kwenye mteremko wa kilima kidogo. Upande wa Gamaya uko kule chini, karibu na kituo cha yule mnunuzi wa pamba, ambaye ghala lake lilijaa akawa amemwaga lundo la pamba nje, jeupe, refu kuliko nyumba.

Gamaya safari hii kaja na jenereta na televisheni na deki ya video. Mkanda wa watu wanapigana mateke. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni! Ngoma haijapigwa nusu saa, umati wote uko kwake. Na jua kali vile hata picha haionekani vizuri, watu wanatazama kivuli cha mtu anayempiga teke kivuli mwenzie, na wanashangilia.

Baba anaimba na watu kama arobaini. Sauti yake imeanza kukwaruza. Mimi nimejificha nyuma ya kilima ndani ya ndege, nimevaa kibuyu kichwani na miwani ya jua ya mtumba, naona yote kupitia upenyo wa vichaka. Nilisikia vibaya sana moyoni.

Baba akainua juu usinga wake, ule mkia wa ng'ombe ambao manju anaongozea ngoma. Ndiyo ilikuwa ishara.

Wakatusukuma. Tulipotokea juu ya kilima, mabati ya mama yanametameta, yale macho mekundu na meno mbele, watu wakageuza vichwa. Halafu mtoto mmoja akapiga kelele, "Ndegeee!"

Umati ulihama kutoka kwa Gamaya kama maji yaliyovunja lambo. Walikuja wote. Wazee na mikongojo yao. Wachezaji wa Gamaya wenyewe walikuja. Mwenye jenereta alikuja, kaiacha inanguruma peke yake. Sekunde chache tu baba kazungukwa na watu ambao sijawahi kuona wingi wao, na akaanza wimbo mpya alioutunga kimya kimya mwaka mzima. Wakuu, ule wimbo! Niliona anacheka huku anaimba, machozi yanamtoka.

Angeshinda. Ilikuwa imebaki kama robo saa filimbi ipulizwe. Tungekaa pale pale tu, angeshinda.

Baba mdogo ndiye akapagawa.

"Izungusheni! Iwaoneshe mbio!" Na wachezaji nao wamepandisha mori, ngoma inawaingia, wakasukuma kwa nguvu ambazo hawajawahi kusukuma. Tunateremka kilima. "Honi!" Nikawasha ufunguo, nikapiga honi. Umati ukalipuka kwa shangwe. Mimi nikashtuka.

Mguu ukatoka kwenye klachi, gia imo ndani, ufunguo umewashwa, na hivyo ndivyo gari la kusukumwa huwashwa.

Lile gari lililokataa kuwaka mwezi wa tano, likakataa wa sita, likakataa kwa fundi, likakataa kwa maombi ya kanisa, LIKAWAKA. Lilitoa mlio kama wa bunduki na moshi mweusi, likaruka mbele. Wenzangu kumi na mmoja wote wakaanguka kifudifudi kwa mpigo mmoja.

Nikakanyaga klachi, ikazama chini ikabaki huko huko, waya umekatika. Nikakanyaga breki, nikaziomba, hazikusikia. Nikashika ufunguo kuuzima, ukakatikia mkononi mwangu.

Nikapiga yowe. "Mayu waneeee!" Yaani mama yangu weee.

Na hapa ndipo sijui niwaelezeje. Umati wote ukaitikia. "Mayu waneeee!"

Walidhani ni wimbo! Nikapiga tena kwa nguvu zaidi maana sasa nalia kweli, na wao wakaitikia kwa nguvu zaidi, tena kwa sauti mbili, wanawake juu wanaume chini. Wanakimbia nyuma ya ndege wanaitikia. Bomba la kupulizia likakatika kamba, likaanza kumwaga maji yenye harufu ya dawa ya pamba, wakaitikia huku wanapiga chafya. Ngoma za Gamaya nazo zikadaka ule mdundo. Na ndege inateremka, haina haraka wala haisimami, moja kwa moja upande wa Gamaya.

Mwamuzi alikuwa Mzee Ngassa. Aliona watoto wamesimama mbele ya lile gari. Akafanya alichoweza, akapuliza filimbi kwa pumzi zake zote ili wapishe. Wakapisha. Mimi nikapita kwenye duara la Gamaya, bawa la kulia likaondoka na televisheni, na nikaingia kwenye lundo la pamba mpaka kikabaki kinaonekana kile kimlango cha katekista tu.

Injini ikazima.

Waliponivuta miguu kunitoa, nikiwa mzima, pamba puani, kibuyu kimepasuka, nikakuta hakuna anayenitazama. Wote wamesimama kama nguzo, kila mtu pale pale alipo.

Filimbi ilikuwa imelia.

Umati wote uko uwanja wa Gamaya. Nikageuka kutazama kule juu kilimani. Baba alikuwa amesimama peke yake. Peke yake kabisa, wakuu, safari hii hata kipofu alikuwa ameletwa na wenzie.

Mabishano yalichukua muda. Baba mdogo alikuwa anapiga kelele kwamba watu walifuata ndege, na ndege ni ya Jilala, kwa hiyo watu ni wa Jilala popote walipo, hata ndege ikitua nchi jirani bado ni ya nchi yake. Wengine wakasema Mzee Ngassa alipuliza kuokoa watoto, sio kufunga mashindano. Mzee Ngassa mwenyewe akainua mkono. Akamwambia baba mdogo kama anavyomwambia mwanawe, "Ng'wanawane, najua nilichokusudia. Lakini tangu babu zetu hatuhukumu kusudi, tunahukumu filimbi. Na tunahesabu miguu, hatuhesabu macho."

Gamaya, na nitamheshimu mpaka nakufa, hakushangilia. Alisema kwa sauti, "Mimi sikuvuta hata mtu mmoja hapa." Lakini sheria ni sheria. Ushindi ukawa wake.

Baba akateremka kilima taratibu. Watu wakampisha. Mimi nilikuwa nimekaa chini kwenye pamba nalia, nataka ardhi inimeze. Miaka thelathini ya nyimbo zake, nimeimaliza kwa mguu mmoja. Nikasema, "Bhabha, nisamehe."

Baba akawageukia wazee.

"Niliapa mbele yenu," akasema. "Nimeachwa peke yangu, naikabidhi ngoma."

Kila mtu alijua itakwenda kwa kaka yangu mkubwa. Kaka mwenyewe alishapiga hatua moja mbele, kainamisha kichwa.

Baba akampita. Akaja mpaka kwenye lile lundo, akainama, akaniwekea usinga mapajani.

"Nimeimba tangu sijaoa," akasema. "Sijawahi kuitikiwa na watu wangu na wa Gamaya kwa wakati mmoja. Huyu kaitikiwa na wote. Na alikuwa hata hajui anaimba."

Kuna mzee mmoja akaguna kwamba huyo ni mwanamke, na isitoshe alikuwa analia, sio kuimba. Baba akamuuliza, "Na wewe uliitikia au hukuitikia?"

Wakuu, niliongoza ile ngoma miaka tisa. Baba alishika kiapo chake, hakuongoza wimbo tena hata harusini. Alihamia mstari wa nyuma kabisa, wa waitikiaji. Na wimbo wetu mkubwa, ule watu walikuwa wanatufuata nao hadi Meatu, ulianza kwa mimi kupiga yowe la "Mayu wane", peke yangu, na kabla umati haujadaka, sauti moja ya kizee inatangulia kuitikia kutoka nyuma. Nilikuwa nampigia yeye. Mwaka ambao niliita na ile sauti haikuja, nikaweka usinga chini, siku hiyo hiyo.

Nilichojifunza. Kwanza, chombo kibovu usikiogope siku kinapogoma. Kiogope siku kinapokubali, maana hakikuambii kimekubali kufanya nini. Pili, ukimwamini mtaalamu, ulizia kule kazini kwake alikuwa anashika nini, spana au mwiko.

Tatu sitaiandika vizuri. Ni kwamba aibu yako kubwa kuliko zote, kuna mtu anaweza kuwa ameisikia kama wimbo. Mimi nilibahatika mtu huyo akawa baba yangu.

Haya, wenye ndege na wenye magari, njooni mbishane hapa kistaarabu. Na kama kuna mtu wa Mwamapalala humu aliyekuwepo siku ile, hasa uliyeitikia, jitokeze useme ulikuwa unaitikia nini. Mabati ya mama msiniulize, hayajarudishwa.